Kiharusi Kikubwa: Siku Zinazofuata Ndizo za Hatari

Wengi wetu tukisikia fulani kapata kiharusi tunafikiria mambo mawili: ama kafariki palepale, ama kapooza na kilichobaki ni mazoezi. Kuna jambo la tatu ambalo sikuwahi kulisikia likitajwa popote, msibani wala wodini, mpaka lilipoingia nyumbani kwetu. Ni ubongo kuvimba. Na kuvimba huko hakuji saa ile mtu anapoanguka. Kunakuja kesho yake au keshokutwa, wakati ndugu wameshapumua na wanaambizana kwenye simu kwamba tunamshukuru Mungu, anaendelea vizuri.

Kaka yangu ni fundi cherehani, Temeke. Wakati huo alikuwa hajatimiza miaka hamsini. Presha alikuwa nayo na dawa aliandikiwa. Alizimeza mpaka kichwa kilipoacha kumuuma, kisha akaziacha kama wanavyoziacha wengi. Alilala mzima, akaamka alfajiri mkono na mguu wa kushoto haviinuki, mdomo umekwenda upande, macho yote mawili yamegeukia kulia na hayataki kurudi katikati. Kuongea alikuwa anaongea, ulimi mzito lakini maneno yanaeleweka. Kilichotutisha ni kwamba yeye mwenyewe alisema haumwi kitu. Ule mkono uliolala pembeni yake akamwambia wifi yangu autoe kitandani, si wake. Tukajua kachanganyikiwa. Baadaye daktari alitueleza kwamba ndivyo ubongo wa upande wa kulia unavyofanya ukiumia sana: mtu hupoteza upande wake wa kushoto mpaka kwenye fikra, haoni kwamba upo, kwa hiyo haoni kwamba umeumwa.

Kipimo cha CT skani kilionyesha damu haijavuja. Ilikuwa mshipa umezibwa na damu iliyoganda, tena mshipa mkubwa unaolisha sehemu kubwa ya nusu ya ubongo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kwa kaka hakuna aliyejua zilianza saa ngapi usiku ule, kwa hiyo hakupewa. Aliwekwa wodini, na jioni yake alikuwa ametulia. Aliuliza habari za wateja wake wa sare za shule. Ndugu waliokuja kumwona waliondoka na matumaini.

Daktari yule, kijana tu, alituita mimi na wifi pembeni na kutuambia maneno ambayo hadi leo nayashika: "Leo mtamwona ana nafuu. Msitawanyike. Kinachonitia hofu ni kesho na keshokutwa." Akachukua kalamu na kuchora kichwa nyuma ya karatasi ya maabara.

Nitaeleza alichotueleza kwa sababu naamini kila familia yenye mgonjwa wa kiharusi kikubwa inapaswa kukijua kabla, si baada. Chembe za ubongo zilizokatiwa damu hukosa nguvu ya kusukuma chumvi nje. Chumvi inabaki ndani, inavuta maji, chembe zinavimba. Siku zinazofuata mishipa midogo ya eneo lile nayo huanza kuvujisha maji. Uvimbe unaongezeka mpaka kufikia kilele, mara nyingi kati ya siku ya pili na ya tano. Mguu ukivimba ngozi hutanuka, lakini fuvu la mtu mzima halitanuki hata kidogo. Ubongo uliovimba hauna pa kwenda ila kuusukuma ule mzima wa upande wa pili, kisha kushuka chini na kulibana shina la ubongo, panapoendeshwa kupumua na kuwa macho. Wagonjwa wengi wa kiharusi cha aina hii wanaofariki wiki ya kwanza wanauawa na huo mbano. Ukiachwa uendelee na dawa peke yake, vifo vinaweza kufika watu wanane kati ya kumi.

Sasa hapo wodini kulikuwa na mambo ambayo sisi ndugu tuliyaona ni uzembe, kumbe ndiyo tiba yenyewe.

La kwanza ni dripu. Mjomba alikuja akakuta mgonjwa hajala tangu jana, akataka atundikiwe maji ya glukozi, akawa mkali kabisa. Kwetu dripu ya glukozi ni kama alama kwamba mgonjwa anahudumiwa. Daktari akakataa. Maji yale ya sukari, sukari ikishatumika mwilini, yanabaki maji matupu, na maji matupu yanakimbilia kwenye ubongo unaovimba. Kaka akawekewa dripu ya maji ya chumvi ya kawaida, na sukari yake ya damu ikawa inapimwa kila baada ya saa chache.

La pili ni presha. Ilikuwa 190 kwa 105, na kila aliyechungulia mashine alishika kichwa. Mbona hawaishushi? Tulielezwa kwamba mshipa ukishaziba, ubongo ulio jirani na sehemu iliyokufa unaishi kwa kutegemea presha hiyo hiyo iliyopanda, na ukiishusha kwa kasi siku za mwanzo unaweza kuua sehemu ambayo ingepona. Kwa mgonjwa ambaye hakupewa dawa ya kuyeyusha damu, madaktari kwa kawaida huanza kuhangaika na kuishusha ikivuka 220 kwa 120. Sikuwahi kufikiri kwamba presha ya namna ile inaweza kuachwa makusudi.

La tatu lilimgusa mama. Alikuwa ameandikishiwa kombe kwa sheikh wa mtaani na kulileta kwenye chupa, limefungwa vizuri kwenye kanga, ili mwanawe anywe. Lakini kaka alikuwa ameshapimwa kumeza: alipewa maji kijiko kimoja, akakohoa na sauti ikawa ya maji maji. Maana yake kinachopita kooni kinaingia kwenye mapafu, na nimonia ni muuaji mkubwa wa wagonjwa wa kiharusi. Sista wa zamu, mama mtu mzima, hakumfukuza mama wala kumsimanga. Alimwambia, "Mama yangu, kaa hapa umsomee mwanao dua utakavyo, hilo kombe mpanguse nalo mkono na paji la uso. Mdomoni tu ndiyo kisipite kitu." Mama akakubali. Nimeona wauguzi wengi tangu wakati huo, na bado namheshimu yule kuliko wote, maana angesema "hairuhusiwi" tu, mama angesubiri zamu ibadilike na kombe lingenyweka.

Usiku wa pili kaka alianza kulala sana.

Hapa ndipo ningependa msomaji asimame nami kidogo. Kwa macho ya ndugu, mgonjwa aliyelala ni mgonjwa anayepumzika. Tulikuwa tunanong'ona ili tusimwamshe. Shangazi alisema, "Mwacheni, kachoka, usingizi ni dawa." Kabla ya hapo alikuwa analalamika kichwa kinamuuma upande wa kulia, na alitapika mara moja bila kutangulia kichefuchefu. Sista alipofika hakunong'ona. Alimwita kwa sauti, jina kamili, akamfinya bega. Kaka akafungua macho, akasema neno moja, akarudi kulala. Sista akawasha tochi ndogo na kumulika jicho la kushoto, kisha la kulia. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona: mboni ya kushoto ilijikunja haraka ilipopigwa na mwanga, ya kulia ilikuwa pana kidogo na ilijikunja kwa uvivu. Hakusema kitu kwetu. Alitoka karibu anakimbia.

Kwa mgonjwa wa kiharusi kikubwa, usingizi unaozidi siku ya pili au ya tatu ni dalili ya hatari mpaka ithibitishwe vingine. Mwamshe. Muulize jina lake, mwambie akushike kidole kwa mkono ule mzima. Kama saa mbili zilizopita alijibu na sasa hajibu, mwite muuguzi, na asipokuja mfuate. Hakuna adabu ya kungoja asubuhi.

Waliinua kichwa cha kitanda kama nyuzi 30, wakaweka shingo yake sawa isipinde upande wowote, maana shingo ikipinda damu inashindwa kushuka kutoka kichwani na mbano unazidi. Wakamtundikia manitoli, dawa ya dripu inayonyonya maji kutoka kwenye ubongo na kuyatoa kwa njia ya mkojo. Mfuko wa mpira wa mkojo ulijaa upesi mpaka nikashangaa. Binamu yangu aliyewahi kutibiwa pumu akauliza kwa nini asipewe zile sindano za steroidi zinazokausha uvimbe. Jibu likawa kwamba uvimbe wa kiharusi si wa aina hiyo, steroidi hazisaidii hapa na zinaweza kudhuru. Na manitoli yenyewe, daktari bingwa alisema wazi, inanunua muda tu. CT skani ya pili ilionyesha mstari wa katikati ya ubongo umesukumwa karibu sentimita moja kwenda kushoto.

Alichopendekeza ni kutoa kipande kikubwa cha fuvu upande wa kulia.

Wifi alikaa chini sakafuni. Naye si mtu wa kukaa chini.

Yule bingwa alitupa muda mfupi, na aliutumia vizuri. Hakutuambia kwamba upasuaji utamponya. Alisema sehemu ya ubongo iliyokufa imekufa, na mkono na mguu upasuaji hautavirudisha. Unachofanya ni kuupa ubongo uliovimba pa kutanukia, uelekee nje badala ya kushuka chini. Akatupa hesabu. Mwaka 2007 tafiti tatu zilizofanywa Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi ziliunganishwa, jumla wagonjwa 93 wenye umri wa hadi miaka 60, na waliopasuliwa walipasuliwa ndani ya saa 48 tangu kiharusi kuanza. Baada ya mwaka mmoja, waliopasuliwa walikuwa hai asilimia 78. Waliotibiwa bila kupasuliwa walikuwa hai asilimia 29. Kisha akaongeza upande ambao watu hawapendi kuusema: katika wale waliopasuliwa, karibu theluthi moja waliishi wakiwa hawawezi kutembea bila kushikwa wala kujihudumia wenyewe, na waliorudi kujitegemea kabisa ni wachache. "Mkisema ndiyo, mnasema ndiyo kwa yote mawili," alisema.

Nimekuja kujua baadaye, jirani yetu alipofikwa na jambo hili hili kwa mama yake mwenye miaka zaidi ya sabini, kwamba umri unabadilisha hesabu. Utafiti wa Ujerumani uliotoka mwaka 2014, wa wagonjwa wenye miaka 61 na kuendelea, ulionyesha upasuaji ulipunguza vifo baada ya miezi sita kutoka asilimia 70 hadi 33, lakini hakuna hata mmoja aliyerudi kujitegemea kikamilifu. Familia ile ilisema hapana, ikakaa na mama yao mpaka mwisho, na sioni kwamba walimpenda pungufu ya sisi tulivyompenda kaka.

Kwetu mjadala ulifanyika kwenye korido, watu wamesimama. Mama alisema anamtaka mwanawe hai, basi. Mjomba aliuliza, kwa upole safari hii, nani atamgeuza kitandani miaka yote hiyo, nani atalipa kodi ya fremu yake. Watu walimnunia, lakini swali lile lilikuwa la haki na lilistahili jibu. Mimi niliuliza kaka mwenyewe angetaka nini. Siku ya kwanza, akiwa bado anaongea, daktari alikuwa amemuuliza mbele yetu kuhusu upasuaji wa namna hii, akajibu, "Mimi mzima, upasuaji wa nini?" Jibu lile halikuweza kupimwa, maana mwenye kujibu hakujua kwamba anaumwa.

Bingwa akatugeuzia swali ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Aliwahi kusema nini kuhusu mtu mwingine aliye katika hali kama hiyo?" Wifi akakumbuka. Kulikuwa na fundi mwenzao aliyevunjika uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda. Kaka alikuwa anampelekea kazi za kupachika vifungo nyumbani, na akirudi alikuwa anasema mwenzake bado yumo, bado ana maneno yake, bado anamtania. Halafu wifi akauliza lake la mwisho: "Atanijua?" Bingwa akasema kiharusi kiko kulia, na kwa watu wengi lugha iko kushoto, kwa hiyo anategemea atamjua na ataongea naye. Wifi akachukua kalamu, akasaini fomu ya idhini.

Walitoa mfupa wenye upana wa zaidi ya sentimita 12. Nataja kipimo kwa sababu kinahusu uhai: tundu likiwa dogo, ubongo unajikaba kwenye kingo zake na kuumia upya. Utando mgumu uliofunika ubongo ulifunguliwa na kuongezwa kiraka ili nao upanuke, kisha ngozi ikashonwa juu. Mfupa wenyewe haukutupwa. Ulihifadhiwa tumboni mwake, chini ya ngozi, pembeni ya kitovu. Kuna hospitali zinaugandisha kwenye friza maalumu. Penye wasiwasi wa umeme, tumbo la mgonjwa ni ghala la kuaminika. Watoto wa kaka walipoona mshono wa tumboni waliniuliza, "Shangazi, si alikuwa anaumwa kichwa?"

Alipotolewa chumba cha upasuaji alikuwa kwenye mashine ya kupumulia, na juu ya bandeji ya kichwa mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito: HAKUNA MFUPA KULIA. Maandishi yale yalikuwa na kazi. Kila aliyekuja kumgeuza, na alikuwa anageuzwa kila baada ya saa mbili kuzuia vidonda vya mgongo, alijua upande gani usilaliwe. Wiki za mwanzo sehemu ile ilikuwa imetuna. Baadaye ilibonyea ndani, na ukitazama kwa makini ngozi ilikuwa inapiga pamoja na moyo. Ndugu wengine hawakuweza kuitazama. Wifi alijifunza kuiosha.

Alituita kwa majina yetu sote kabla hajaweza kukaa.

Yaliyofuata yalikuwa marefu na mengi yake hayana cha kusimulia: mpira wa kulishia puani, uji uliochujwa mara mbili, mazoezi ya viungo asubuhi na jioni. Lakini upande wa kushoto uliopotea kwenye fikra ndio uliotusumbua kuliko mguu. Alikuwa anakula wali nusu ya sahani, ile ya kulia, kisha analalamika kwamba kapunjwa. Wifi akiigeuza sahani, kaka anashangaa kuona chakula kimeongezeka. Mtaalamu wa mazoezi tiba alitufundisha kukaa kushotoni kwake tunapoongea naye, kuweka redio kushoto, kumvika saa mkono wa kushoto, ili alazimike kuutafuta upande ule. Sisi tulikuwa tumepanga kila kitu kulia kwa kumhurumia.

Na alihuzunika. Kuna kipindi alikuwa anageukia ukutani na kusema mngeniacha tu niende. Mama aliona ni kukufuru. Kliniki wakasema ni sonona, kwamba huwapata wagonjwa wengi baada ya kiharusi na ina dawa. Alipewa dawa, na yule fundi mwenzake wa vifungo akawa anapelekwa kwa bajaji kuja kukaa naye. Sijui kipi kilisaidia zaidi. Siku moja nilimuuliza moja kwa moja kama tulikosea kusaini. Alifikiri muda mrefu, akasema, "Kuna siku naona mlikosea na kuna siku naona hamkukosea. Niulize tena Idi." Nimemuuliza tena, na jibu bado linategemea siku.

Mfupa ulirudishwa baada ya miezi kadhaa, uvimbe ulipokwisha na kidonda kilipokuwa safi. Hadi wakati ule alikuwa anavaa kofia ngumu ya pikipiki iliyokatwa na kuwekewa sponji ndani, kila anaponyanyuka. Baada ya kurudishiwa mfupa alipata degedege mara moja, sasa yuko kwenye dawa za kifafa, pamoja na za presha ambazo wifi humpa mkononi na kusubiri ameze. Bega la kushoto linamuuma kila jioni. Anatembea na fimbo hadi mlangoni kwa jirani na kurudi. Cherehani ya kukanyaga hawezi, lakini mkono wa kulia unakata kitambaa vizuri kama wifi akikishikilia, na kijana waliyemwajiri anashona.

Kwa sasa ugomvi wa nyumbani kwao ni daladala. Kaka anataka kwenda kliniki peke yake. Anasema anajua kituo, anajua nauli. Wifi anasema atavuka vipi barabara wakati akifika katikati magari yanamjia kutoka kushoto na upande huo bado anausahau akichoka. Wiki iliyopita waliniita niamue. Nilisema aende na kijana wa dukani, wakae viti tofauti. Hakuna aliyeridhika.